Diski Itatosha? Kupanga Nafasi Kabla ya Kukompaili Keneli ya Linux na Programu Nyingine Kubwa

Swali hili halichoki kuja: "Nimepakua keneli ya MB 150, nina GB 10 tupu, nimeiacha inakompaili usiku, asubuhi nakuta `No space left on device`, yaani diski imejaa. Nimekosea wapi?"

Umekosea kuangalia ukubwa wa ulichopakua. Namba ile haikuambii lolote kuhusu nafasi utakayohitaji. Ni kama ujenzi wa nyumba: kiwanja lazima kibebe mchanga, kokoto na mbao za jukwaa hata kama nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili. Na mara nyingi diski iliyojaa si hata ile uliyokuwa unaiangalia.

Mwongozo huu unatumia keneli ya Linux (kiini cha mfumo, kinachoendesha vifaa vya kompyuta) toleo la 6.12 kama mfano, kwa sababu ndiyo wengi huanza nayo. Mwishoni kuna maneno machache kuhusu LLVM (mkusanyiko wa zana za kukompaili) na kivinjari cha Chromium, kisha matatizo yanayojirudia na dawa zake.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Linux. Mifano yangu ni ya Debian na Ubuntu. Ukiwa na Fedora au Arch, badilisha tu amri za kufunga programu.
- Ruhusa ya kutumia `sudo`, yaani kuendesha amri kama msimamizi wa mfumo.
- Zana za kazi: `sudo apt install build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev libncurses-dev ncdu`
- Nafasi tupu ya GB 10 kwenye patisheni moja (sehemu ya diski iliyotengwa), ukifuata hatua zote. Ukitaka usanidi kamili wa distro (mipangilio ya keneli inayokuja na Debian, Ubuntu na wenzake) pamoja na taarifa za dibagi, nitakazozieleza hapa chini, tafuta GB 40 na uachane na hesabu za kubana.
- Kifurushi cha intaneti cha GB 1 hivi kwa ajili ya kupakua.
- Chaji ya kutosha, au umeme unaouamini. Umeme ukikatika katikati kazi haipotei yote, ila kuna usumbufu wake; nitaueleza.

## Nafasi inaliwa na nini

Nadharia ni fupi. Ukikompaili programu kubwa, yaani ukigeuza msimbo chanzo wake kuwa programu inayoendeshwa na mashine, data inakaa sehemu tano: faili ulilopakua, msimbo chanzo uliofunguliwa, mafaili ya `.o` yanayozalishwa (vipande vilivyokwisha kukompailiwa), mafaili ya muda ya kompaila, na programu iliyokamilika ikishafungwa kwenye mfumo. Sehemu tatu za kwanza kwa kawaida ziko kwenye `/home` yako. Ya nne iko `/tmp`. Ya tano iko `/usr`, `/lib/modules` au `/boot`. Hizo zaweza kuwa patisheni tatu tofauti, na ikijaa mojawapo tu, kazi inasimama.

Mlaji mkubwa ni mmoja: taarifa za dibagi. Hizi ni kumbukumbu ambazo kompaila inaandika ndani ya kila faili la `.o`, zikieleza kila mstari wa msimbo umezaa maelekezo gani ya mashine na kila kigezo ni cha aina gani. Anayetafuta hitilafu ndani ya keneli anazihitaji. Wewe unayetaka tu keneli iwake, huzihitaji. Tofauti yake si ya asilimia tano au kumi: usanidi wa distro wenye dibagi waweza kupita GB 20, wakati usanidi uliopunguzwa usio na dibagi unaishia GB chache tu.

## Hatua

### 1. Jua uko kwenye patisheni ipi

Andika:

```
df -h ~ /tmp /var /usr /boot
```

Usisome safu ya ukubwa. Soma safu ya `Avail`, kisha ya `Mounted on`. Kama mistari yote inaishia na `/`, una patisheni moja na maisha yako ni rahisi. Kama `/home` iko peke yake, ndiyo itakayobeba mzigo mkubwa. Kama `/boot` iko peke yake, iangalie vizuri, maana mara nyingi ina MB mia kadhaa tu na keneli za zamani zimeshaibana.

Angalia pia mstari wa `/tmp`. Ukiona neno `tmpfs`, maana yake `/tmp` yako haiko kwenye diski kabisa. Iko kwenye RAM. Fedora imefanya hivyo tangu toleo la 18, na Debian imefuata kwenye toleo la 13. Kawaida inaruhusiwa kufika nusu ya RAM. Kwa laptopu ya RAM GB 4, `/tmp` yako ni GB 2, hata kama diski ni ya GB 500.

Kisha andika:

```
df -i ~
```

Hii inahesabu idadi ya mafaili yanayoweza kuundwa, si ukubwa wake. Msimbo chanzo wa keneli una mafaili zaidi ya 80,000, na kukompaili kunaongeza mengine maelfu. Kwenye diski ya kawaida hili si tatizo. Kwenye seva ndogo za kukodi, au patisheni iliyoundwa kwa ajili ya mafaili machache makubwa, ni tatizo.

### 2. Soma makadirio ya wenye mradi

Miradi mikubwa huandika mahitaji yake kwenye maelekezo ya kujenga. Soma kabla, si baada ya kukwama. Baadhi ya namba wanazotoa wenyewe:

- Chromium: angalau GB 100 tupu.
- Android kutoka AOSP, mradi wa msimbo wazi wa Android: GB 400, yaani GB 250 za kupakua msimbo na GB 150 za kujenga.
- LLVM pamoja na Clang, kompaila yake: GB 15 hadi 20 kwa ujenzi kamili, na wanasema wazi kwamba sehemu kubwa ni taarifa za dibagi.
- Linux From Scratch, mradi wa kujijengea Linux nzima kutoka kwenye msimbo: GB 10 ni kiwango cha chini kabisa, GB 30 ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha.

Kama laptopu yako ina SSD ya GB 128 na ndoto yako ni kujenga Android, mwongozo huu hautakusaidia. Nunua diski kwanza.

Mradi usipoandika namba yoyote, mimi huchukua ukubwa wa msimbo uliofunguliwa, nazidisha mara tano kwa ujenzi usio na dibagi, au mara kumi na tano kama dibagi ipo. Si sayansi, ni kipimo cha kujihami. Afadhali kibaki kuliko kipungue saa nane usiku.

### 3. Safisha kabla, si katikati

Anza na vitu visivyo na hatari:

```
sudo apt clean
sudo apt autoremove --purge
sudo journalctl --vacuum-size=200M
```

Ya kwanza inafuta vifurushi vya usakinishaji vilivyobaki kwenye `/var/cache/apt`. Ya pili inaondoa keneli za zamani ambazo mfumo hauzihitaji tena. Ya tatu inapunguza kumbukumbu za mfumo zibaki MB 200.

Kisha tafuta mlaji halisi:

```
sudo ncdu -x /
```

Alama ya `-x` inaizuia kutoka nje ya patisheni hiyo, kwa hiyo namba unazoziona ni za diski hiyo tu. Tembea kwa mishale. Mara nyingi utakuta `~/.cache` imenenepa, au folda ya Downloads ina filamu ulizokwisha kuzitazama. Unaotumia Docker, amri ya `docker system prune` hurudisha nafasi nyingi sana, lakini soma inachosema itafuta kabla ya kubonyeza `y`.

Onyo: usifute kitu chochote ndani ya `/var/lib` au `/usr` kwa mkono eti kwa sababu ni kikubwa. Kinachokaa humo kinaondolewa kwa `apt`, hakiondolewi kwa `rm`.

### 4. Pakua msimbo bila historia yake

Kosa la wanaoanza ni `git clone` ya keneli nzima. Hapo unapakua historia ya mabadiliko tangu 2005, GB kadhaa za kifurushi chako na za diski yako, wakati unahitaji toleo moja tu. Pakua faili lililobanwa:

```
cd ~
wget -c https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.tar.xz
tar xf linux-6.12.tar.xz
```

Alama ya `-c` inaendeleza upakuaji pale ulipokatikia, kwa hiyo mtandao ukiyumba rudia amri ileile. Faili lina MB 150 hivi. Likifunguliwa linakaribia GB 1.5.

Kama ni lazima utumie git, ongeza `--depth 1`, upate toleo la mwisho pekee.

Kuna wanaoshauri ufute faili lililobanwa mara tu ukishalifungua. Mimi siafiki. Unaokoa MB 150, halafu siku ukiharibu msimbo unanunua kifurushi upya. Liache.

### 5. Jenga kwenye saraka ya pembeni

```
mkdir ~/jenga
cp /boot/config-$(uname -r) ~/jenga/.config
cd ~/linux-6.12
```

Kuanzia hapa kila amri ya `make` itabeba `O=$HOME/jenga`. Mafaili yote yanayozalishwa yatakaa kwenye `~/jenga`, na msimbo utabaki safi. Faida zake ni mbili: `du -sh ~/jenga` inakupa jibu kamili la ujenzi umekula kiasi gani, na kusafisha ni kufuta saraka moja. Tena, kama patisheni yenye nafasi ni nyingine, `O=` inaweza kuelekezwa huko bila kuhamisha msimbo.

Ukipata ujumbe kwamba `source tree is not clean`, ulishawahi kukompaili ndani ya msimbo wenyewe. Andika `make mrproper` ukiwa ndani ya `linux-6.12`, lakini angalia: amri hiyo inafuta na `.config` iliyomo humo. Kama ina mabadiliko yako, inakili kwanza.

### 6. Punguza unachokompaili

Hapa ndipo GB nyingi zinapookolewa, basi usiharakishe.

Usanidi wa distro unabeba moduli (vipande vya keneli vinavyoendesha kifaa fulani) za karibu kila kifaa duniani: kadi za mtandao za seva ambazo hutaziona maishani, vifaa vya redio, virekodi vya televisheni. Huhitaji hata robo yake. Amri hii inaangalia moduli zinazotumika sasa hivi kwenye kompyuta yako na kuacha hizo tu:

```
make O=$HOME/jenga localmodconfig
```

Onyo: "zinazotumika sasa hivi" maana yake ni hiyo hiyo. Kabla ya kuiandika, chomeka kila kitu unachokitumia: modemu ya USB, printa, flashi, kipaza sauti cha Bluetooth, kebo ya simu unayoshea nayo intaneti. Usipochomeka modemu, keneli mpya itawaka vizuri kabisa, halafu haitakuwa na intaneti, na utaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Itakapokuuliza maswali kuhusu vipengele vipya, bonyeza Enter kukubali jibu la kawaida.

Sasa zima dibagi:

```
./scripts/config --file ~/jenga/.config \
  -d DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT \
  -d DEBUG_INFO_DWARF4 -d DEBUG_INFO_DWARF5 \
  -e DEBUG_INFO_NONE
make O=$HOME/jenga olddefconfig
grep DEBUG_INFO ~/jenga/.config
```

Kwenye jibu la mwisho lazima uone `CONFIG_DEBUG_INFO_NONE=y`. Ukiona bado `CONFIG_DEBUG_INFO=y`, haijazimika; rudia. Wengi huzima `DEBUG_INFO` peke yake kwa kufuata maelekezo ya zamani. Hiyo haifanyi kazi tena kwenye keneli za kisasa, kwa sababu siku hizi ni uchaguzi wa kimoja kati ya vingi, na usipochagua `NONE` mfumo unakuchagulia.

Hasara ipo: ukizima dibagi unapoteza pia BTF, ambayo baadhi ya zana za eBPF huitegemea. Kama hujui eBPF ni nini, haikuhusu.

### 7. Elekeza mafaili ya muda kwenye diski

Kama hatua ya 1 ilikuonyesha `/tmp` ndogo au iliyo kwenye RAM:

```
mkdir -p ~/muda
export TMPDIR=$HOME/muda
```

GCC na linka, ile programu inayounganisha vipande vyote kuwa kimoja, huheshimu `TMPDIR`. Ila mpangilio huu unaishi ndani ya terminali hiyo tu. Ukifungua nyingine, andika upya.

### 8. Kompaili huku ukitazama

```
make O=$HOME/jenga -j$(nproc) 2>&1 | tee ~/jenga.log
```

Fungua terminali ya pili:

```
watch -n 30 'df -h ~ /tmp; du -sh ~/jenga'
```

Utaona namba ikipanda taratibu. Usiridhike ukifika katikati ukiwa salama. Kilele huja mwishoni, wakati wa kuunganisha `vmlinux`, faili la keneli nzima: mafaili ya `.o` yote bado yapo, na juu yake linaandikwa faili kubwa jipya lenye nakala ya yaliyomo. Ukiona imebaki chini ya GB 2 na bado moduli zinakompailiwa, bonyeza Ctrl+C, safisha kitu, kisha rudia amri ileile. `make` itaendelea ilipoishia. Kusimamisha mwenyewe ni salama zaidi kuliko kuacha diski ijae, maana diski iliyojaa inaziangusha na programu nyingine zilizofunguliwa, kivinjari kikiwemo.

### 9. Funga kwa kupunguza uzito

```
sudo make O=$HOME/jenga INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make O=$HOME/jenga install
```

Usisahau `INSTALL_MOD_STRIP=1`. Bila hiyo, kama dibagi ilibaki, moduli zinaingia `/lib/modules` na mafuta yake yote, halafu zinanakiliwa tena ndani ya initrd (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza kompyuta ikiwaka) kwenye `/boot`. Hapo ndipo mtu anakuta initrd ya MB mia kadhaa imejaza `/boot` nzima, na `update-initramfs` inalia kwamba hakuna nafasi. Kabla ya amri ya pili, hakikisha `/boot` ina angalau MB 200 tupu.

Wanaopenda `make bindeb-pkg`, ili wapate faili la `.deb` linaloondolewa kwa `apt`, wajue kwamba njia hiyo inanakili matokeo yote kwenye saraka nyingine kabla ya kuyafungasha. Kama dibagi iko hai, inatengeneza pia kifurushi cha `-dbg` ambacho ni kikubwa kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Ni njia nzuri, ila iongezee nafasi.

### 10. Washa upya, hakiki, ndipo ufute

Washa kompyuta, andika `uname -r`, jaribu intaneti, sauti na skrini. Zikifanya kazi:

```
cp ~/jenga/.config ~/config-6.12
rm -rf ~/jenga ~/muda
```

Faili la `.config` halifiki hata MB 1 na ndilo lililobeba jasho lako, liweke. Kama unakompaili moduli za nje, kwa mfano za kadi ya Wi-Fi kupitia DKMS (zana inayozikompaili upya kwa kila keneli), usifute `~/jenga` wala `~/linux-6.12`: moduli hizo hutafuta vichwa vya keneli kupitia kiungo kilicho ndani ya `/lib/modules`, na kiungo hicho kinaelekea huko.

## Ukitaka kutumia diski ya nje

Inawezekana, ila angalia mfumo wa faili. Diski na flashi nyingi za dukani huja na FAT32, exFAT au NTFS. FAT32 haikubali faili linalofika GB 4, na FAT32 na exFAT hazijui viungo vya ishara (symlink), yaani faili linaloelekeza tu kwenye faili jingine. Zaidi ya hapo, keneli ina mafaili ambayo majina yake yanatofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, kama `xt_DSCP.c` na `xt_dscp.c`. Kwenye mfumo usiotofautisha herufi, moja linafunika jingine kimyakimya wakati wa kufungua, kisha unapata makosa ya ajabu ambayo hayana uhusiano na nafasi hata kidogo.

Itengeneze upya kwa ext4: `sudo mkfs.ext4 /dev/sdX1`. Onyo kubwa: amri hii inafuta kila kitu kilichomo. Thibitisha jina la diski kwa `lsblk` mara mbili, na hamisha picha za harusi kwanza.

Flashi ya kawaida usiitumie kujengea hata ikiwa na nafasi. Kuandika mafaili madogo maelfu kwa maelfu ni kazi inayoishinda. Utasubiri mpaka uchoke.

## LLVM na Chromium kwa kifupi

Kwa LLVM, mchezo wote uko kwenye amri ya `cmake`:

```
cmake -S llvm -B ~/jenga-llvm -G Ninja \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \
  -DLLVM_ENABLE_PROJECTS=clang \
  -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 \
  -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1
```

`Release` inaondoa dibagi. `X86` inazuia kujengewa prosesa ambazo huna. Mstari wa mwisho unaruhusu kuunganisha programu moja kwa wakati. Huo ni kwa ajili ya RAM zaidi kuliko diski, lakini kwenye mashine ndogo matatizo hayo mawili hutembea pamoja.

Kwa Chromium, pakua kwa `fetch --nohooks --no-history chromium`, na kwenye `args.gn` weka `is_debug = false`, `symbol_level = 0` na `blink_symbol_level = 0`. Hata hivyo usijaribu chini ya zile GB 100. Kama lengo lako ni kupata kivinjari tu, pakua kilichokwisha kujengwa.

## Ikikwama

"No space left on device", lakini `df -h` inaonyesha nafasi ipo. Kagua kwa mpangilio huu. Kwanza `/tmp`, rudi hatua ya 7. Pili `df -i`. Ikiwa `IUse%` ni 100, mafaili yamekwisha idadi, futa saraka zenye vitu vidogo vingi. Tatu, ext4 kwa kawaida hutengea root (msimamizi wa mfumo) asilimia 5 ya diski, kwa hiyo kwenye patisheni ya GB 100 kuna GB 5 ambazo mtumiaji wa kawaida hapewi. Kwenye patisheni ya `/home` pekee unaweza kuipunguza kwa `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdX1`. Kwenye patisheni ya mfumo, iache.

Nimefuta GB 8, `df` haijabadilika. Kuna programu bado imelishikilia faili ulilofuta. `sudo lsof +L1` itakuonyesha ni ipi. Ifunge, nafasi itarudi.

Nimepata nafasi, nimerudia `make`, sasa kuna makosa mapya: `file truncated` au `file format not recognized`. Diski ilipojaa, au umeme ulipokatika, baadhi ya mafaili yaliandikwa nusu au yakabaki matupu, na `make` inaona tarehe mpya inadhani yako sawa. Jaribu:

```
find ~/jenga -name '*.o' -size 0 -delete
```

kisha rudia. Kama kosa linataja faili moja mahususi, lifute hilo. Likiendelea kuhama kutoka faili hili kwenda lile, `make O=$HOME/jenga clean` na uanze upya; `.config` haitaguswa.

`Killed signal terminated program cc1plus`, au `ld terminated with signal 9`. Hiyo si diski, ni RAM. Punguza `-j` (idadi ya kazi zinazofanywa kwa pamoja), kwa mfano `-j2`. Ukiongeza faili la swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) kumbuka nalo linakula diski: swap ya GB 8 ni GB 8 zilizotoka kwenye hesabu yako.

`Bus error` wakati wa kuunganisha. Wakati mwingine ndiyo sura nyingine ya diski iliyojaa, kwa sababu linka huandika faili lake kupitia kumbukumbu ya kompyuta (RAM) na mfumo unashindwa kulipatia nafasi katikati. Angalia `df` kabla ya kulaumu RAM.

Kosa linataja `canonical-certs.pem`. Umechukua usanidi wa Ubuntu, ambao unatafuta vyeti ambavyo huna. Nafasi haihusiki. Andika `./scripts/config --file ~/jenga/.config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS "" --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""` na uendelee.

Diski inazidi kujaa hata nikifuta saraka ya ujenzi kila mara. Unatumia ccache, zana inayohifadhi matokeo ya kukompaili ili yatumike tena? Kashe yake inakaa `~/.cache/ccache` na kwa kawaida inaruhusiwa kufika GB 5. Ipunguze kwa `ccache -M 2G`, au ifute kwa `ccache -C`. Kwa anayekompaili mara moja kwa mwaka, ccache haina faida yoyote.

Niko kwenye WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Nimefuta kila kitu ndani ya Linux, Windows bado inasema diski C imejaa. Linux yako inaishi ndani ya faili moja la `ext4.vhdx`, ambalo hukua lenyewe lakini halipungui lenyewe. Funga kwa `wsl --shutdown`, kisha libane kwa `diskpart`: chagua faili kwa `select vdisk file=` ukifuatisha njia yake, halafu `compact vdisk`. Na msimbo uweke ndani ya Linux yenyewe, si `/mnt/c`, vinginevyo utakutana na lile tatizo la herufi kubwa na ndogo, na kasi ya kinyonga.

`/boot` imejaa keneli nilizojenga mwenyewe, `apt autoremove` haizioni. Ni kweli, zile zilizoingizwa kwa `make install` hazijulikani na `apt`. Andika `uname -r` uone unayotumia, hiyo usiiguse. Kwa toleo unaloliondoa, futa `vmlinuz`, `initrd.img`, `System.map` na `config` zenye namba yake ndani ya `/boot`, pamoja na saraka yake ndani ya `/lib/modules`, kisha `sudo update-grub`. Bakiza daima keneli moja ya distro ambayo unajua inawaka.